Kwaheri ya Mtu Mmoja: Habari za Tungo za Piano na Asili Zake

Neno kinanda ni la zamani katika Kiswahili. Hapo kale lilikuwa jina la chombo cha nyuzi kilichopigwa kwa vidole katika miji ya pwani. Vilipofika vyombo vya kigeni, watu hawakutafuta neno jipya, bali walisema kinanda kwa harmoniamu ya kanisani, kwa piano, hata kwa santuri. Katika mazungumzo haya twataka kusema habari za piano tu; tena si piano ya kuwaongoza waimbaji, bali ile ipigwayo na mtu mmoja peke yake, pasipo mwimbaji wala maneno.

Mtu wa Shinyanga au Geita akisikia muziki wa namna hiyo huuliza, "Je, wimbo huu wasema nini?" Swali hilo si la kijinga. Kwetu Usukuma ngoma haipigwi bure. Mdundo wa bugobogobo una jembe ndani yake, na msikilizaji ajua mara moja kwamba hapa watu wanalima, wanashindana na jua na magugu. Basi na tuulize: mtungaji wa piano alikuwa na nini moyoni mwake, nasi twawezaje kukijua?

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Karibu na mwaka 1700, katika mji wa Florence nchi ya Italia, fundi mmoja jina lake Bartolomeo Cristofori alitengeneza kinanda cha namna mpya. Katika vinanda vya nyuzi vilivyopendwa sana siku zile, uzi ulidonolewa na kijino kidogo, na sauti ilikuwa karibu ile ile, mpigaji akibonyeza kwa nguvu au kwa upole. Cristofori aliweka nyundo ndogo za kugonga nyuzi. Tangu hapo kidole kilipobonyeza polepole, sauti ilikuwa ndogo kama mnong'ono; kilipobonyeza kwa nguvu, ilikuwa kubwa. Jina piano limetokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya "taratibu na kwa nguvu". Piano ya siku hizi ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kwa chombo hicho mtu mmoja aliweza kunong'ona, kulia, kugomba na kucheka, bila kufungua kinywa.

Sasa yatupasa kuwaonya wasikilizaji wetu juu ya jambo moja: jina la utungo si shahidi wa kweli sikuzote. Ludwig van Beethoven, Mjerumani aliyezaliwa mji wa Bonn mwaka 1770, alitunga mwaka 1801 sonata moja ambayo dunia nzima huiita ya Mbalamwezi. Walakini jina hilo si lake. Lilitokana na mwandishi Ludwig Rellstab, aliyeifananisha na mbalamwezi juu ya maji ya ziwa. Beethoven mwenyewe aliiita sonata iliyo kama fantasia, yaani utungo ufuatao mawazo yaendako. Tena fananisho lile lafaa kwa sehemu ya kwanza tu, iendayo polepole. Sehemu ya tatu ni tufani tupu, wala hapana mbalamwezi ndani yake. Mwaka ule ule wa 1801, mwezi wa Juni, Beethoven alimwandikia rafiki yake, mganga Wegeler, akamfunulia siri kwamba masikio yake yanazidi kuwa mazito. Lakini hakuandika juu ya sonata ile kwamba ni kilio cha masikio, kama vile hakuandika kwamba ni mbalamwezi. Basi tusimtie maneno kinywani.

Lakini uko utungo mwingine wa Beethoven ambao maneno yake aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, na huo ndio twataka mwushike sana.

Mwaka 1809 Beethoven alikuwa akikaa Vienna, mji mkuu wa Austria. Alikuwa na mwanafunzi mmoja mkubwa wa cheo, Rudolph, ndugu mdogo wa Kaisari. Mwezi wa Machi mwaka huo Rudolph na wakuu wengine wawili waliahidi kumpa Beethoven fedha florini 4,000 kila mwaka, ili akae Vienna afanye kazi yake pasipo kuhangaika. Muda si muda vita vikaja. Jeshi la Wafaransa, likiongozwa na Napoleon, liliukaribia mji, na jamaa ya Kaisari wakakimbia. Rudolph aliondoka tarehe 4 Mei. Siku chache baadaye mizinga ya Wafaransa ikaupiga mji. Mwanafunzi wake mwingine, Ferdinand Ries, amesimulia kwamba Beethoven alijificha katika chumba cha chini cha nyumba ya ndugu yake, akafunika kichwa kwa mito ili mshindo usiyaumize masikio yake yaliyokwisha dhoofika.

Kwa sababu ya kuondoka kule Beethoven alitunga sonata yenye sehemu tatu: Kuagana, Kutokuwapo, na Kuonana Tena. Juu ya sauti tatu za kwanza aliandika neno la Kijerumani, Lebewohl, akaligawanya silabi tatu, kila silabi juu ya sauti yake. Maana yake ni kwaheri. Nasi Waswahili tuna bahati, maana neno letu lina silabi tatu vile vile: kwa-he-ri. Sauti hizo tatu zashuka moja moja, kama mtu ashukaye ngazi asiyetaka kufika chini. Sikio hungoja sauti ya tatu ipumzike mahali pake pa kawaida. Lakini sauti nene za chini hugeuka ghafula, zikaingia mahali pa huzuni. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayeaga: neno lenyewe ni la amani, bali chini yake moyo unauma.

Sehemu ya pili huenda polepole, kama nyumba ambayo mwenyewe hayumo. Kisha, bila kusimama, sehemu ya tatu huruka kwa furaha na mbio, kwa kuwa Rudolph alirudi Vienna mwezi wa Januari 1810.

Sonata hiyo ilipopigwa chapa mwaka 1811, mwenye kiwanda cha vitabu aliitia jina la Kifaransa, Les Adieux. Beethoven hakupendezwa. Alimwandikia kwamba maneno hayo mawili si sawa hata kidogo: lile la Kijerumani huambiwa mtu mmoja tu, kwa moyo; lile la Kifaransa huambiwa mkutano mzima, hata miji. Mzungu mwingine angeweza kusema kwamba huku ni kuchagua maneno bure. Lakini msemaji wa Kiswahili huelewa upesi. Aondokaye barazani husema, "Kwaherini," naye huenda zake. Amwagaye mama yake njiani husema, "Kwaheri." Silabi moja ikiongezwa, mtu mmoja amekuwa watu wengi, na moyo umekuwa adabu. Beethoven aliandika kwaheri. Mpiga chapa akaifanya kwaherini.

Mtungaji wa pili ni Fryderyk Chopin, aliyezaliwa nchi ya Polandi mwaka 1810. Mwezi wa Novemba 1830, mwenye umri wa miaka 20, aliondoka Warsaw kwenda kutafuta riziki ya muziki katika nchi nyingine. Kabla ya mwezi kwisha, watu wa kwao waliwaasi Warusi waliowatawala. Mwezi wa Septemba 1831 Warsaw ulishindwa, na Chopin akapata habari hizo akiwa Stuttgart, hajui kama wazazi wake na dada zake wako hai. Alimwaga uchungu wake katika daftari lake. Wengi wameuunganisha uchungu huo na utungo wake wa 12 katika kitabu cha mazoezi kilichotolewa mwaka 1833, ambao mkono wa kushoto hutiririka chini kama maji ya mafuriko, na mkono wa kulia hupiga makelele mafupi juu yake. Watu huuita wa Mapinduzi, lakini jina hilo pia si la mtungaji.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mazurka zake. Mazurka ni ngoma ya wanavijiji wa Polandi. Chopin alitunga zaidi ya 50, nyingi katika hizo akiwa Ufaransa, mbali na vijiji vya kwao. Hakurudi kwao tena. Alifariki Paris mwaka 1849, na dada yake akauchukua moyo wake mpaka Warsaw. Fikirini mtu wa Shinyanga aliyekaa ugenini miaka mingi, ameketi peke yake usiku, akipiga kwa vidole juu ya meza mdundo wa ngoma ya mavuno. Wachezaji hawapo, vumbi halipo, bali mdundo upo. Hiyo ndiyo mazurka ya Chopin.

Basi twajifunza nini? Mtu akitaka kujua moyo wa utungo usio na maneno, na aulize mambo matatu. Nani alilitoa jina lake? Mwaka ule mtungaji alipatwa na nini? Na mikono inafanya nini: yapanda au yashuka, yakimbia au yasita? Mambo hayo matatu yakikubaliana, twaweza kusema kwa uhakika. Yasipokubaliana, tusikilize tu, wala tusizushe hadithi.

Nasi tukirudi nyumbani, twaona kwamba jambo hili latuhusu sana. Tangu zamani Wasukuma na Wanyamwezi wamekuwa na ndono, uta wa uzi mmoja wenye kibuyu cha kukuza sauti, na mpigaji wake huugonga uzi kwa kijiti. Hii ndiyo piano yetu ya mtu mmoja. Majina ya Ngika na Gumha twayajua, kwa kuwa vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeyahifadhi. Lakini mpiga ndono hana chama. Akifa, sauti zake zaweza kubaki katika vidole vya mwanawe, ila sababu yake huzikwa pamoja naye. Kama aliutunga katika mwaka wa njaa, au siku mkewe alipofariki, au ndugu yake alipokwenda kutafuta dhahabu Geita asirudi, nani atatwambia? Tusipoandika, watakuja wageni watie majina wanayoyapenda wao.

Kazi hii yawezekana. Mwaka 2010 mtaalamu wa Marekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu chenye nyimbo za kazi za Wasukuma zaidi ya 300, pamoja na maelezo yake. Mwanafunzi mwenye kalamu na daftari aweza kuanza na utungo mmoja wa mzee mmoja wa kijiji chake. Amwulize jina lake, mwaka wake, na ulitungwa kwa ajili ya nani. Kisha aandike neno lile lile mzee alilolisema. Kama mzee alisema kwaheri, asiandike kwaherini.