Kiungo kinapofungwa kwa kupendwa mno

ANAYETUNGA programu kwa kujifurahisha na kuigawa bure huweka faili katika hifadhi ya mtandaoni, kisha husambaza kiungo. Shida huanza programu inapopendwa. Nafasi ya kuhifadhi ni jambo moja. Kiasi cha data kinachopakuliwa kila siku ni jingine, na hili la pili wengi hulisahau.

Faili ya megabaiti 200 ikipakuliwa mara 100, tayari zimetoka gigabaiti 20. Hicho ndicho kikomo cha siku ambacho Dropbox iliwawekea wasiolipa. Aliyekivuka alisimamishiwa viungo vyote kwa muda, hata vya faili zisizohusika. Mwaka wa 2017 kampuni hiyo iliondoa kabisa folda ya Public, na viungo vya miaka mingi vikafa.

Kuibana faili husaidia kidogo tu. BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka wa 2001, hugawa mzigo wenyewe: kila anayepakua huwapa wenzake vipande alivyokwisha kupata, mradi wapo walioacha kompyuta zao zikiwaka. GitHub nayo haiwekei kikomo upakuaji wa matoleo ya programu, ila kila faili sharti iwe chini ya gigabaiti 2.