Kuandikiana kwenye Skrini za Unix
Amri ya write ilikuwamo tayari katika toleo la kwanza la Unix, mwaka 1971 huko Bell Labs, ambako watu kadhaa walitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mstari uliokamilika ulijitokeza papo hapo kwenye terminali ya mpokeaji, hata akiwa katikati ya kazi. Ili watu wasikatizane, mwongozo wake ulipendekeza desturi ya redio kol: (o) kwa “ova”, (oo) kwa kuagana. Asiyetaka kusumbuliwa aliandika mesg n, haki ndogo yenye thamani kubwa. Mwaka 1983, 4.2BSD, toleo jingine la Unix, ilileta amri ya talk: skrini iligawanywa mara mbili, herufi zikaonekana moja moja, na mazungumzo yakavuka mtandao. Hata hivyo, kompyuta za VAX na Sun zilipanga baiti kinyume, zikashindwa kuelewana kupitia talk mpaka itifaki yake iliporekebishwa.