Kinanda: kutoka Pambamoto hadi turubai la Kumsenga

Huko Berlin na London kuna vijana wanaolipa kiingilio wakakesha wakisikiliza vinanda vya umeme vya miaka ya 1980, na midundo inayotoka kwenye kitufe. Kwao ni sauti ya zamani iliyofufuliwa. Mweleze hayo mtu wa Kumsenga, Kibondo, mkoani Kigoma, atakushangaa: imefufuliwa vipi, na ilikufa lini? Ndiyo sauti ya harusi ya Jumamosi, ndiyo ya kwaya Jumapili.

Neno lenyewe limetembea. Wazee wa Pwani walipotaja kinanda walikusudia chombo cha nyuzi. Baadaye jina likahamia kwenye ogani ya kanisani, kisha kwenye kibodi. Waha nao wana inanga yao ya nyuzi, kwa hiyo sikio la huku halikuliona neno hilo geni sana.

Mmarekani Robert Moog alitoa sinthesaiza yake mwaka 1964, lakini hiyo ilikuwa kabati la nyaya. Aliyekishusha kinanda hadi kwa mtu wa kawaida ni Mjapani. Kampuni ya Casio ilitoa MT-40 mwaka 1981, kidogo cha kupakata, na ndani yake kulikuwa na mdundo uliotungwa na mfanyakazi wake, Hiroko Okuda. Mwaka 1985 Wayne Smith wa Jamaika akauimbia, na rege haikurudi tena ilivyokuwa.

Kwetu mwaka wa kukumbuka ni 1987. Bendi ya Vijana Jazz, wana mtindo wa Pambamoto wa Hemed Maneti, ndio waliotangulia kuingiza kinanda na ngoma za umeme katika muziki wa dansi. Taarabu ikafuata kwa kasi zaidi. Kundi la mtindo wa Ikhwan Safaa, chama kilichoanza Zanzibar mwaka 1905, linataka fidla kadhaa, udi, ganuni, kodiani. Miaka ya 1990 yalipokuja makundi ya East African Melody, na TOT wakiwa na mwimbaji Khadija Kopa, mpiga kinanda mmoja aliweza kuzibeba sauti hizo nyingi kwa vidole vyake. Mimi ni mtu wa tarumbeta na sijapona majonzi ya wapigaji waliokosa kazi. Lakini hesabu ni hesabu: kila mpigaji anataka nauli, posho na sahani ya wali.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyokipandisha kinanda milimani. Kuleta bendi ya watu kumi na watano kwa barabara ya vumbi ya Kasulu na Kibondo ilikuwa ndoto ya tajiri. Kibodi hufungwa kwenye gunia la nailoni, ikapanda baiskeli. Umeme wa gridi ya taifa ulifika wilaya hizi mwaka 2022; kabla ya hapo palikuwa na jenereta, betri ya gari na paneli ya sola. Chini ya turubai mkono wa kushoto unabana nota tatu, mashine inaleta besi na ngoma, wa kulia unaiga gitaa la solo. Uigaji huo una shule yake: Kongo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na tangu 1996 kambi ya Nyarugusu, Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka huko, watu wa kwaya na wa seben, yale magitaa ya dansi ya Kikongo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokilaani kinanda. Mjini kiliwanyang'anya watu kazi, kweli. Kumsenga hakikumfukuza mpiga tarumbeta, kwa sababu hakuwapo. Kilimpa kijana wa kijijini bendi nzima mapajani.

Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, akina Diamond, Ali Kiba, Linex na Mwasiti, walitoa "Leka Dutigite", jina la Kiha juu ya midundo ya kompyuta. Nchi nzima ilisikia. Ila kwaya za vinanda vya kitufe zilizotangulia hazina kumbukumbu kama hiyo. Nyingi zimebaki kwenye kaseti, na kaseti nyingine zilibandikwa selotepu pembeni zikarekodiwa mahubiri juu yake.

Basi wewe uliye Kibondo au Kasulu, kama kabatini mna kaseti ya kwaya ya miaka hiyo, usiitupe. Mtafute fundi redio mwenye deki inayofanya kazi, aihamishie kwenye simu kabla utepe haujashika ukungu.