Picha za Vita na Nyoyo za Watu

Ninyi mnaosikiliza, na ninyi mtakaosoma maneno haya katika kijitabu, yamkini mmepata kuona picha ya vita ikipitishwa kutoka mkono hata mkono. Watu huitazama, hunyamaza, kisha mmoja husema, "Maskini, huyu naye ana mama yake." Leo nataka tufikiri kwa nini kipande cha karatasi kina nguvu namna hiyo, hata hesabu ya maelfu waliokufa isitutoe machozi, bali picha ya mtu mmoja ikatutoa.

Zamani vita vilichorwa kwa mkono, na mchoraji aliweza kumpa jemadari farasi mzuri kuliko yule aliyempanda. Ufundi wa kupiga picha ulipokuja, wengi walidhani uwongo umekwisha. Mwaka 1855 Mwingereza mmoja, Roger Fenton, alikwenda Crimea, ambako Waingereza, Wafaransa na Waturuki walikuwa wakipigana na Warusi. Alitwaa gari lililokuwa la mwuza mvinyo, akaligeuza kuwa chumba cha giza, akarudi kwao na picha zipatazo 360. Iliyo mashuhuri kupita zote ni ya bonde tupu, halina mtu wala mnyama, ila makombora ya mizinga yametapakaa njiani. Walakini alipiga picha mbili za mahali pale pale, na katika moja njia ni nyeupe, makombora yako kando tu. Wataalamu wamebishana sana ni ipi iliyotangulia, na kama makombora yale yalitandazwa kwa mkono.

Wafu wenyewe walionekana kwa wingi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Tarehe 17 Septemba 1862 majeshi mawili yalikutana karibu na kijito cha Antietam, katika nchi ya Maryland, na kwa siku ile moja watu wapatao 23,000 waliuawa, au walijeruhiwa, au walipotea. Siku mbili baadaye akafika Alexander Gardner, aliyefanya kazi kwa Mathew Brady wa New York. Kazi yake haikuwa nyepesi. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali majimaji, kisha kikaoshwa kwa dawa nyingine upesi kabla hakijakauka. Ndiyo maana katika picha zile hamna mbio za farasi wala mwako wa bunduki. Waliotulia mbele yake walikuwa wafu.

Mwezi wa Oktoba picha zile zilitundikwa katika nyumba ya Brady mjini New York, na watu wakapanda ngazi kwenda kuzitazama. Gazeti moja kubwa la mji likasema ya kuwa kama Brady hakuileta miili ile na kuilaza milangoni petu, amefanya jambo lililokaribia hilo. Mwandishi wake aliona tena ya kuwa kwa kioo cha kukuzia nyuso za wafu zaweza kutambulikana, akasema asingependa kuwapo siku mwanamke mmoja atakapomwona mumewe au mwanawe katika safu ile iliyongoja kuzikwa. Hapo, nadhani, ndipo penye siri ya jambo letu.

Mwaka uliofuata, huko Gettysburg, Gardner na wenziwe walihamisha maiti ya askari kijana, wakailaza penye mawe ili picha ipendeze, na bunduki kando yake. Jambo hilo lilifichuka miaka mingi baadaye. Mimi naona walikosa, kwa kuwa aliyekufa hana kinywa cha kukataa.

Sasa tuuvuke muda mrefu. Mwaka 1945 ulizaa picha ambazo hazisahauliki. Mjapani Yosuke Yamahata aliingia Nagasaki tarehe 10 Agosti, siku moja baada ya bomu la atomiki, akapiga picha zaidi ya 100 kwa siku moja. Moja ni ya mtoto amesimama ameshika tonge la wali, anatutazama. Waliotawala Japani baada ya vita walizuia picha za namna hiyo, na watu wengi hawakuziona mpaka mwaka 1952.

Nyingine ilipigwa tarehe 23 Februari na Joe Rosenthal juu ya mlima Suribachi, katika kisiwa cha Iwo Jima. Askari sita wa Marekani wanasimamisha bendera iliyofungwa katika bomba la maji la chuma. Ilikuwa bendera ya pili siku ile, kubwa kuliko ya kwanza, na Rosenthal nusura aikose, kwa kuwa alikuwa akipanga mawe ya kusimamia. Katika picha nyuso hazionekani vema. Wengine wamehesabu hilo kuwa kasoro. Kwangu mimi ndilo lililoipa nguvu, maana kila mzazi aliweza kumwona mwanawe pale.

Majina ya wale sita yamesahihishwa mara tatu, mwaka 1947, 2016 na 2019. Nitawaeleza mara ya kwanza tu. Aliyeinama shinani mwa bomba, akiipa kamera mgongo, alitangazwa kuwa Henry Hansen. Lakini huko Weslaco, Texas, Belle Block alipoliona gazeti alisema huyu ni mwanangu Harlon. Wakamwambia, hapana jina lake hapa, wala uso wake hauonekani. Akashikilia neno lake: yeye ndiye aliyemlea, anaujua mgongo wake. Harlon na Hansen wote wawili walikuwa wameuawa kisiwani, hakuna wa kuulizwa.

Lakini Ira Hayes, mtu wa kabila la Wapima, alikuwa mmoja wa wale sita, naye alijua kweli na aliamriwa anyamaze. Mwaka 1946, alipokwisha kutoka jeshini, alitoka Arizona akasafiri kwa kuomba nafasi katika magari ya watu mpaka shamba la baba yake Harlon, akamwambia. Mwezi wa Januari 1947 wakuu wa jeshi wakakiri, na jina la Harlon Block likaandikwa mahali pake.