Mlima wa Kiti Kimoja

Juzi tulikuwa tunajadili ushirika kwenye somo la historia ya uchumi, nami nikaangukia kisa cha watu wa theluji huko Vermont, Marekani. Swali lenyewe: kwa nini mtu wa kuteleza kwa skii ang'ang'anie mlima mmoja wakati milima ipo kibao?

Mlima unaitwa Mad River Glen. Ulifunguliwa 1948, na aliyeuanzisha ni Roland Palmedo, mtu wa benki kutoka New York. Yeye alitaka mahali pa watelezaji, siyo pa mahoteli. Akaweka lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, kila kiti mtu mmoja. Matokeo yake? Foleni ndefu chini, watu wachache juu. Lakini hapo ndipo utamu ulipo: theluji haikwanguliwi na umati, na kwenye foleni watu wanafahamiana. Njia zenyewe ni nyembamba, zina miti na mawe, na theluji kwa sehemu kubwa ni ya Mungu, siyo ya mashine. Ukiziweza, unajiona umefuzu.

Mwaka 1995 mwenye mlima, Betsy Pratt, aliuuza. Akamuuzia nani? Watelezaji wenyewe! Walinunua hisa, wakaunda ushirika. Yaani kama vyama vyetu vya kahawa, ila wao zao lao ni theluji.

Kufikia 2007 ile lifti ilikuwa imechoka. Wangeweza kuweka ya viti vya watu wawili, foleni ikapungua. Wakakataa. Walichangishana, wakaikarabati ile ile ya kiti kimoja.

Mimi naona mtu hapendi mahali kwa sababu ya raha tu. Anapapenda palipomtoa jasho, na zaidi pale ambapo neno lake linasikika. Mteja akiudhika anahama. Mwenye hisa akiudhika anakwenda mkutanoni.

Ila upendo huo una mlango, na mlango una kufuli. Mpaka leo wanaoteleza kwa ubao mmoja, ule wa kusimamia miguu yote miwili, hawaruhusiwi pale. Wenye mlima wanasema wanalinda theluji na desturi yao. Vijana wa ubao wanaona ni ubaguzi tu. Hapo ndipo ninapogota: ukishasema "hapa ni petu", umeshaamua pia nani siyo mwenzenu.

Nawasilisha.