Ubao wa Nuremberg na vidole vya wakweaji

Mlima Rungwe unakaribia mita 2,960, na kijana wa mji jirani wa Tukuyu aliyezoea njia zake ana miguu na mapafu ambayo kocha yeyote angeyatamani. Lakini mchezo wa kukwea kuta, ulioingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 2021, unadai zaidi ncha za vidole. Historia ya namna makocha walivyojifunza kuvinoa vidole hivyo si ndefu, na sehemu yake kubwa imejengwa kwa mbao.

Mmarekani John Gill, mwanajimnastiki wa chuo, aliufanya mwamba uwe uwanja wa mazoezi miaka ya 1950. Alileta unga wa chaki wa kukausha jasho la viganja, akafanya mazoezi ya pete na kamba kabla ya kugusa jiwe. Wakati huo wengi waliamini kwamba mkweaji hukomaa kwa kukwea tu.

Mjerumani Wolfgang Güllich alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1988, katika ukumbi wa mazoezi wa Nuremberg, alipigilia vipande vyembamba vya mbao kwenye ubao ulioinamia mbele, kimoja juu ya kingine kama ngazi. Pa kukanyaga hapakuwepo. Unaning'inia kwa vidole, unajirusha, mkono unadaka kipande cha juu, mwili mzima unayumba, unajirusha tena. Güllich alikuwa ameelewa kwamba nguvu ya kuvuta taratibu haitoshi. Vidole lazima vifunge papo hapo. Mwaka 1991 akaimaliza Action Directe, njia ya eneo la Frankenjura inayoanza kwa kuruka na kudaka kitundu cha vidole viwili. Mwaka uliofuata alifariki kwa ajali ya gari. Ubao wake umeenea dunia nzima.

Baadaye makocha wakageukia mwili mzima. Adam Ondra wa Jamhuri ya Czech, kabla ya kukwea njia ya Silence huko Norway mwaka 2017, alifanya kazi na mtaalamu wa fiziotherapia na kuimarisha hata misuli ya mashavu ya miguu, kwa sababu mahali pa kupumzikia angening'inia kichwa chini, goti likiwa limebanwa mwambani. Nadhani hapo ndipo ukocha wa mchezo huu ulipopevuka.

Wilaya ya Rungwe ina misonobari ya Shamba la Miti Kiwira na mafundi seremala wazuri, kwa hiyo ubao kama wa Güllich unaweza kutengenezwa Tukuyu. Ila wasipewe watoto. Kwa kijana anayekua, mfupa wa kidole una sehemu laini ambayo bado haijafunga, na mirusho ya ubaoni inaweza kuivunja. Makocha makini humwacha akwee njia nyingi za kila aina, ajifunze kuweka mguu vizuri, apumzike siku za kutosha. Akilalamikia kiungo cha kati cha kidole, humsimamisha na kumpeleka akapigwe eksirei, hata kama mashindano ni wiki ijayo.