Podo, Mkanda na Mwendo wa Nyika

Silaha za Taita Taveta kwa kawaida husimuliwa kwa kupima nguvu: upinde ulishindwa na gobori, gobori likashindwa na bunduki ya risasi, na bunduki ya risasi ikashindwa na ile inayofyatua mfululizo. Masimulizi hayo yanasahau mwendo. Kutoka Maungu hadi Taveta, na kutoka Voi hadi mto Galana, nchi ni ya miiba, jua kali na maji ya mbali, na kwa karne nyingi aliyetaka kuipita aliipita kwa miguu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye silaha lilikuwa ni la bega: je, chombo hiki nitakivaa kutwa nzima, kikae tayari, na mikono yangu ibaki huru? Naona jibu la swali hilo ndilo lililoamua nani aitawale nyika, kuliko ukubwa wa risasi.

Mfano ulio wazi ni wa Waata, wawindaji wa ndovu ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Upinde wao ulikaribia kimo cha mtu, na kuuvuta kulihitaji nguvu ya kilo 45 au zaidi, sawa na pinde ndefu za Waingereza wa zama za kati. Hata hivyo ulikuwa mti na ugwe tu, mwepesi mkononi. Ustadi ulikuwa kwenye podo, ala ya ngozi yenye kifuniko na ukanda wa kupitisha begani. Ndani yake mlikuwa na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti, ambayo mafundi wa Kigiriama waliichemsha kwa saa nyingi mpaka ikawa nzito na nyeusi kama lami. Kila shingo ya mshale uliopakwa ilizungushiwa utepe mwembamba wa ngozi laini. Utepe huo ulizuia sumu isikauke na kupoteza makali, na pia ulimlinda mwenye podo asijikwaruze na kufa kwa mshale wake mwenyewe. Mwindaji aliufungua pale tu alipokwisha kumkaribia mnyama. Hapo pana mambo yote ambayo mtengeneza ala za bastola wa leo huyahangaikia: silaha isimchome mwenyewe, isianguke akikimbia, itoke haraka, isimchoshe bega.

Ulinganishe mzigo huo na ule wa misafara ya pwani. Njia ya kutoka Mombasa ilivuka jangwa la Taru, mahali pasipo na maji ya kutegemewa, ndipo ifike Maungu na milima ya Wataita. Mpagazi alibeba takriban kilo 30 kichwani au begani, na waliopewa magobori waliyabeba juu ya mzigo huo. Gobori ni refu na zito, lina baruti isiyotakiwa kulowa, na likishafyatuliwa lashindiliwa upya kwa utulivu ambao vita havina. Liliogopesha kwa kishindo, nalo lilifaa boma la Taveta, ambako misafara ilituama na kupumzika. Ila kwenye kichaka cha miiba, mtu aliyekwisha kutembea siku mbili na kiu si mpigaji mzuri, hata ukimpa mzinga.

Msomaji anaweza kuuliza kuhusu Johannes Rebmann. Mmisionari huyo alipita Taita mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akauona Kilimanjaro. Alijulikana kwa kusafiri na mwavuli badala ya bunduki. Je, si ushahidi kwamba silaha yenyewe haikuwa na maana? Sivyo. Usalama wake ulitokana na kiongozi aliyezijua njia na watu, na zawadi zilizotolewa kwa wakubwa wa nchi. Mwaka uliofuata, alipofika Machame, chifu Mamkinga alimkamua bidhaa zake. Mwavuli ulimfaa kwa jua, na kwa jua la Taru huo si msaada mdogo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilirudia somo hilo la mwendo kwa gharama kubwa. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta, mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Agosti 1914. Vikosi vidogo vya Wajerumani vilitoka upande wa Kilimanjaro kwa miguu, vikapenya nyika bila kuonekana, vikatega baruti kwenye reli. Upande wa pili ulikuwa na mizinga na magari, na bado treni zililipuliwa. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliushambulia mlima Salaita wakiwa na silaha nzito, wakarudishwa nyuma.

Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, serikali iligundua kwamba haiwezi kumkamata mwindaji wa Kiata kwa mlio wa silaha, maana mshale haulii. Ndovu hufa mita mia chache kutoka alipopigwa, na mpigaji keshaondoka. Kwa hiyo kupatikana na upinde na podo ndani ya mbuga kukawa kosa lenyewe. Wapo wanaosema kwamba ni sheria iliyowashinda Waata, wala si suala la kubeba. Sheria ilikuwepo miaka kadhaa kabla ya kuwashika watu. Iliyowashika ni kampeni ya 1956 na 1957, chini ya David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki aliyekaa Voi, na wenzake, walipounda kikosi cha askari, wengi wao kutoka kaskazini mwa Kenya, wanaoweza kufuata nyayo kwa siku nyingi kama wawindaji wenyewe. Gari na ndege vilisaidia, lakini mshindi alikuwa mtu aliyeshuka garini.

Pingamizi kubwa zaidi ni la miaka ya 1970 na 1980. Majangili wenye bunduki za kufyatua mfululizo waliishusha idadi ya ndovu wa Tsavo kutoka takriban 35,000 hadi chini ya 6,000, ukame wa 1970 na 1971 ukiwa umekwisha kuua maelfu kabla yao. Upinde haukuwahi kufanya hivyo. Hapa hoja yangu inapungua nguvu, na ni haki ikubaliwe. Hata hivyo majangili hao nao walikuja kwa miguu, siku nyingi, bunduki ikining'inia kwenye mkanda begani. Nguvu ya risasi iliongezeka bila kuondoa sharti la mwendo.

Kwa mwanga huo, ala ya bastola ya kuvaliwa kwapani ni mgeni nyikani. Ilienea kwa watu wa kuketi: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliwapa marubani na askari wa vifaru ala ya namna hiyo, kwa kuwa ile ya kiunoni huwabana wakaao. Tena ala hiyo kwa raia inadai koti la kuifunika, na koti mjini Voi saa nane mchana ni adhabu. Mwenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, sura ya 114, anayeshinda kwenye usukani kati ya Voi na Taveta anaweza kuona raha yake, mradi mikanda iwe mipana na uzito ugawanywe mabega yote mawili. Anayekagua mifugo ya ranchi kwa miguu asiinunue; avae mkanda mgumu kiunoni, ala iwe na kifuniko cha kuzuia vumbi na miiba.